Kichwa Kinauma: Ni Presha au ni Malaria?

Hotuba iliyosomwa Ntinda, Kampala, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, mbele ya wakimbizi waishio mjini na wajumbe waliotoka kambini



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Tulipoombwa kusema juu ya presha na malaria tulisita kidogo, kwa kuwa sisi si waganga. Sisi ni walimu. Chuoni tulifundishwa namna ya kufundisha watoto kusoma na kuhesabu, na somo la afya lilikuja mwishoni mwa juma, wakati kila mtu amekwisha kuchoka. Lakini Kamati ilitujibu kwamba waganga wamesema mara nyingi na watu hawakuelewa, basi safari hii wajaribu walimu. Haya tutakayosema tumeyasoma, tumewauliza wauguzi, na mengine tumejifunza kwa njia ambayo mtaisikia sasa hivi.

Hapa Ntinda, ukiteremka kuelekea bonde la Kinawataka, tunaye jirani, mama wa watoto watano, mkimbizi kama sisi, fundi wa cherehani. Kuna wakati alianza kulalamika kichwa, hasa asubuhi, upande wa kisogoni. Homa hakuwa nayo. Hakutetemeka. Lakini kwa sisi watu wa Kongo kila kichwa kinachouma ni palu, na kwa wenyeji wetu Waganda kila kichwa kinachouma ni omusujja, basi hapakuwa na mtu wa kubisha. Nyumbani kwetu kulikuwa na vidonge vya malaria vilivyobaki, vinane kwa hesabu, kwa sababu sisi wenyewe tulipougua tulipata nafuu siku ya pili tukaacha kumeza. Tukampelekea vile vinane. Kichwa kikatulia siku chache, akatushukuru sana, hata akatushonea mfuko wa vitabu. Kisha kikarudi. Akanunua dozi dukani, akameza yote. Kikarudi. Akanunua nyingine, na safari hii akachomwa na sindano. Kwa majuma sita hakuna mtu aliyemtoboa kidole apimwe damu, wala aliyemfunga mkono apimwe presha. Sisi pia hatukumwambia aende.

Jumamosi moja asubuhi akaanguka mbele ya cherehani yake. Mdomo umepinda, mkono wa kulia na mguu wa kulia havina nguvu, maneno hayatoki. Hospitalini presha yake ilikuwa 220 kwa 130. Damu ilipopimwa malaria, hawakuona kitu.

Yu hai, tunamshukuru Mungu, na maneno yamerudi kiasi. Lakini mkono ule hauwezi tena kusukuma kitambaa, na watoto wake wawili wakubwa wameacha shule ili watafute chakula cha wadogo. Majirani walisema amerogwa. Sisi tulijua si uchawi, na tulinyamaza, kwa aibu ya vile vidonge vinane. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa kuyasema haya leo, na ameketi hapa pamoja nasi.

Wandugu, tumefikiri sana juu ya jambo hilo. Majina ya magonjwa haya sote tunayajua, hata watoto wa darasa la pili. Kosa letu ni kwamba tunabadilisha kanuni zake. Dawa ya malaria ina mwisho: siku tatu, na lazima ifike mwisho. Dawa ya presha haina mwisho. Sisi tunafanya kinyume. Ile ya malaria tunaikatiza njiani kwa sababu homa imeshuka, na ile ya presha tunaimeza mpaka pakiti iishe, halafu tunasema tumepona. Na yote mawili tunayatibu kwa kubahatisha, wakati kila moja lina kipimo chake. Vipimo vyenyewe ni vya zamani. Kipimo cha kufunga mkono kilitengenezwa na daktari Mwitalia, Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka uliofuata, 1897, Mwingereza Ronald Ross alikuwa India akichunguza matumbo ya mbu, akaona vimelea vya malaria ndani yake. Miaka zaidi ya 120 imepita, nasi bado tunauliza jirani.

Tuanze na malaria. Malaria haiji kwa kunyeshewa na mvua, wala kwa kula maembe mabichi, wala kwa jua kali. Huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, kimelea, ambaye hupitishwa kutoka mtu hadi mtu na mbu jike wa aina ya Anofelesi. Mbu huyo huuma usiku. Akikuuma, vimelea huenda kwanza kwenye ini, huzaana humo kwa siku kadhaa bila wewe kusikia lolote, kisha hutoka na kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Kila zinapopasuka ndipo homa na kutetemeka vinakuja. Ndiyo maana mtu huugua kiasi cha juma moja au mawili baada ya kuumwa, na ndiyo maana mtoto mwenye malaria nyingi huishiwa damu, viganja vikawa vyeupe.

Hapa tuseme neno juu ya mazalio, maana watu hulaumu choo. Mbu wa chooni na wa mtaro mchafu hupiga kelele na kuuma, ni kweli, lakini kwa kawaida yule wa malaria hutaka maji yaliyotuama yenye mwanga wa jua: mashimo ya wafyatua matofali, alama za magurudumu barabarani, kando ya bonde kama hili la Kinawataka, msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa. Ntinda inajengwa kila siku, na kila jengo lisilokwisha lina dimbwi lake.

Aina za vimelea vinavyowaugua watu zinazojulikana zaidi ni nne, na mbaya kuliko zote huitwa falsiparamu. Hiyo ndiyo iliyojaa hapa Uganda na kwetu Kongo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka mwaka 2024 ilikadiria wagonjwa milioni 263 duniani kwa mwaka 2023, na vifo 597,000, wengi wao watoto wadogo wa Afrika. Kwa wingi wa wagonjwa Nigeria ilikuwa ya kwanza, Kongo ya pili, Uganda ya tatu. Yaani tumetoka katika nchi ya pili tukapokelewa katika nchi ya tatu. Huko Apac, kaskazini, watafiti waliohesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Kampala haifiki huko. Lakini wale miongoni mwetu waliotoka milimani, Minembwe au vilima vya Masisi, ambako baridi huwapunguza mbu, miili yao haikuzoea malaria tangu utoto, na hupigwa vibaya wanapofika kwenye makambi ya bondeni.

Kwa upande wa matibabu, madaktari hugawa malaria mara mbili tu: isiyo kali na iliyo kali. Isiyo kali ni homa, baridi, kichwa, viungo, kutapika mara moja moja. Iliyo kali ni pale mgonjwa anapopata degedege, au anapoteza fahamu, au hawezi kunywa wala kunyonya, au anahema kwa shida, au mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, au amekwisha damu. Huyo hangoji asubuhi. Huchomwa sindano ya artesuneti hospitalini, kisha akiweza kumeza hupewa dozi kamili ya vidonge. Tunawaomba hasa akina bibi: mtoto akishikwa na degedege mganga wa kienyeji hana la kumfanyia, na kumchanja chale ni kumpotezea saa alizobaki nazo. Ile tunayoita malaria ya kupanda kichwani ndiyo hii, na inaua kwa siku moja.

Isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto, ambayo wengi wetu huiita Coartem. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6 katika siku 3, jumla 24. Mara ya pili iwe saa 8 baada ya ile ya kwanza, hapo watu wengi hukosea wakangoja hadi kesho yake. Imezwe na chakula chenye mafuta kidogo, hata karanga au maziwa, maana bila mafuta dawa haiingii vizuri mwilini. Mtoto hupimwa kwa uzito, hakatiwi kidonge kwa macho. Mjamzito asijitibu kabisa, aende kliniki, na huko atapewa pia dawa ya kinga na chandarua.

Wazee watakumbuka klorokwini. Ilikuwa tamu kwa bei na chungu kwa ulimi, ikatuponya miaka mingi, mwisho vimelea vikaizoea. Serikali ya Uganda iliamua kuhamia dawa mseto mwaka 2004. Sasa habari mbaya ni kwamba vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hii mpya vimekwisha kuonekana, Rwanda mwaka 2020 na kaskazini ya Uganda mwaka 2021. Vidonge vinavyoachwa nusu ni mojawapo ya mambo yanayovipa vimelea nafasi ya kuzoea dawa. Vile vinane vyetu vilikuwa na makosa mawili: sisi hatukumaliza, na jirani alipewa theluthi ya dozi ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kuhusu mitishamba, hatutaki kuwatukana wazee. Mululuza, ambao kwetu wengine huuita mubirizi, sote tumenyweshwa. Na ni kweli kwamba dawa mseto ina asili yake katika mmea, artemisia, na mama wa Kichina aliyeitafiti, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini chai ya artemisia ya kikombe haina kipimo. Leo kali, kesho nyepesi, na Shirika la Afya Duniani halikubali itumike kutibu malaria. Anayekunywa kikombe chepesi anafanya lile lile tulilofanya sisi na vidonge.

Kwa watoto kuna jambo jipya la kufurahisha. Tangu Aprili 2025 Uganda inatoa chanjo ya malaria katika wilaya nyingi: miezi 6, 7, 8, na ya nne mtoto akifika miezi 18. Ile ya nne ndiyo inayosahauliwa kwa sababu mtoto anakimbia na mama anaona amekua. Chanjo haiondoi chandarua. Na chandarua, tuseme wazi mbele ya wageni wetu, tumeviona vingine vimezungushiwa mabanda ya kuku.

Sasa presha. Wakongo tunaiita tansio, Waganda wanasema puleesa, vitabu vinasema shinikizo la damu. Moyo ni pampu. Unaposukuma damu, damu hukandamiza kuta za mishipa. Hiyo ni namba ya juu. Unapopumzika kati ya pigo na pigo, mkandamizo hushuka. Hiyo ni namba ya chini. Kwa mtu mzima namba kama 120 kwa 80 ni nzuri. Ikipimwa siku mbili tofauti na zote mbili ikawa 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, hiyo ni presha. Fikirini mpira wa kumwagilia bustani ambao mtu ameufungulia maji kwa nguvu usiku na mchana kwa miaka kumi. Haupasuki siku ya kwanza. Mahali palipo pembamba ndipo panapolegea: katika ubongo ni kiharusi, katika figo ni figo kufa, katika macho ni kutoona, na pampu yenyewe huchoka na kuvimba.

Jambo gumu kufundisha ni hili: presha mara nyingi haiumi. Jirani yetu aliumwa kichwa kwa kuwa yake ilikuwa imepanda mno, lakini wengi hawasikii lolote mpaka siku ya kuanguka. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha, na kati ya hao wenye presha, waliojua hawakufika 1 kati ya 10. Mkitazama benchi mlilokaa mtaona hesabu ilivyo.

Watu hugawa presha kuwa ya kupanda na ya kushuka. Ya kushuka ipo, lakini kwa kawaida ni dalili ya jambo jingine: kuhara sana, kupoteza damu, njaa, homa kali, au dawa iliyozidi. Inayotuua polepole ni ya kupanda, nayo madaktari huigawa mara mbili. Kuna ile isiyo na chanzo kimoja kinachoonekana, nayo ndiyo ya wagonjwa wengi sana: umri, ukoo, chumvi, unene, pombe, kutofanya kazi ya mwili, vyote kidogo kidogo. Na kuna ile inayoletwa na ugonjwa mwingine, kama wa figo au wa tezi. Hiyo hutafutwa zaidi ikiwa mgonjwa ni kijana au dawa hazishiki. Tena kuna ya wajawazito, ambayo huja baada ya juma la 20: kichwa kikali, kuona nyotanyota, uso na mikono kuvimba. Huyo mama akimeza dawa ya malaria akingoja, anaweza kupata kifafa cha mimba, naye na mtoto wakapotea. Tunarudia: mjamzito mwenye kichwa kikali apimwe presha siku hiyo hiyo.

Vijana hutuuliza, je, huu si ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri? Zamani ilionekana hivyo. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliandika kwamba alipima watu kama 1,000 huko Kavirondo, magharibi ya Kenya, asikute mwenye presha ya kupanda, na wazee wao presha yao haikupanda kwa umri. Kisha mwaka 1990 ukachapishwa uchunguzi mwingine juu ya Wajaluo, waliotoka vijijini huko huko magharibi ya Kenya wakahamia Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilianza kupanda miezi ya mwanzo tu ya kuhama. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi, na upungufu wa yale madini ya potasiamu tunayopata katika ndizi, viazi na mboga. Uzito uliongezeka, na moyo ulipiga haraka zaidi. Nao walihama kwa hiari yao, kutafuta kazi, na basi la kurudi nyumbani lilikuwapo kila siku. Sisi tulihama usiku. Hatusemi kwamba mashaka peke yake huleta presha, maana hapo wataalamu wenyewe wanajadiliana. Tunasema kwamba chumvi ya mjini, kukaa bure, usingizi wa kuruka na pombe ya kusahau vimetukuta wote kwa mara moja.

Tutazame sahani zetu. Makayabu, ambao ni samaki na chumvi kwa nusu. Vidonge vya mchuzi, viwili kwa sufuria ndogo, na bado chumvi inaongezwa mezani. Chipsi za barabarani. Mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vyakula. Makayabu walowekwe na maji yamwagwe mara mbili au tatu. Mama wa nyumba akipunguza chumvi kidogo kidogo kila juma, mume hatajua. Sisi tumefanyiwa hivyo na hatukujua mpaka tulipoambiwa.

Dawa zipo, na nyingi si za bei kubwa: amlodipini, hidroklorothayazidi, enalapirili, losatani, na kwa wajawazito methildopa. Kila moja ina adabu yake. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu. Enalapirili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichokwisha, na tumemwona mtu aliyepimwa kifua kikuu mara mbili kabla ya mganga kuuliza anameza nini. Enalapirili na losatani hazifai kwa mwenye mimba. Basi dawa ikikusumbua rudi ubadilishiwe, usiitupe. Usichukue ya jirani kwa kuwa ilimfaa. Kitunguu saumu kiliwe kwenye mboga. Hakiwezi kusimama mahali pa kidonge. Na wale wenye tabia ya kutoboa kidonge cha nifedipini na kukikamulia chini ya ulimi wa mgonjwa aliyeanguka, tunawasihi waache, kwa maana presha ikishuka ghafula ubongo hukosa damu na kiharusi huzidi. Mtu akipinda mdomo, mkono ukilegea, maneno yakachanganyika, chukueni gari au boda mwende hospitali, na mkumbuke saa ilipoanza, maana wataiuliza.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku, huweza kupandisha presha na kuumiza figo. Tazameni mzunguko huo. Kichwa kinauma kwa presha, mtu anasema ni malaria, anameza ya malaria na diklofenaki juu yake, presha inapanda.

Kinyume chake kipo pia. Mzee mmoja wa kwetu, mgonjwa wa presha wa miaka mingi, alishikwa na homa na baridi. Akasema ni presha yangu, akameza dawa zake mara mbili. Kumbe ilikuwa malaria, naye alikuwa ametapika tangu jana na hana maji mwilini. Presha ikashuka, akazimia mlangoni pa choo. Alipona. Mwenye presha akipata homa apimwe malaria kama mtu mwingine yeyote, na amwambie mganga dawa anazomeza, ili mganga ndiye aamue zipi ziendelee. Na kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo aliyetibiwa juzi amwambie anayepima, wasije wakamtibu kivuli.

Wageni wetu wa mashirika, tunaomba mtuvumilie kidogo. Tunajua mwaka 2025 misaada ilipungua sana na mmebaki wachache. Lakini malaria ina siku yake tarehe 25 Aprili, ina vyandarua, ina vipimo hadi kwa wahudumu wa afya wa vijijini. Presha ina siku yake pia, tarehe 17 Mei, na mara nyingi inapita kimya. Tunaomba mambo matatu yasiyo makubwa. Kila mtu mzima anayefika kituoni, hata kama amekuja kwa kidonda cha mguu, afungwe mkono. Mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu, kwa kuwa anayetembea nusu siku kwa vidonge vya siku 14 atachoka, na mtaandika kwenye kadi kuwa ni mkaidi. Na sisi wa mjini tunaporudi kambini kuhakikiwa majina, foleni huchukua siku, na wengi huacha dawa Kampala. Tunaomba kadi ya huku isomwe huko.

Kwetu sisi wakimbizi, vituo vya afya vya serikali havitozi ada ya matibabu tangu mwaka 2001, nasi tunaruhusiwa kama raia. Dawa zikiisha huko tutanunua, ndiyo, hilo tunalijua sote. Lakini kupimwa kwanza.

Muuguzi amekaa pale chini ya mwembe na mashine mbili, moja ya mkono mnene na moja ya mkono mwembamba. Tafadhali mpumzike kimya dakika tano kabla ya kufungwa, msiwe mmetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, na aliyebanwa na haja ndogo aende kwanza. Miguu chini, mgongo uegemee, mkono mezani, na msizungumze wakati mashine inafanya kazi. Tutaandika namba zenu kwenye karatasi, mtunze. Wazee watangulie, kisha wajawazito, kisha sisi wengine. Jirani yetu amesema ataanza yeye, kwa mkono wa kushoto.